Alama ya Mkono: Mpako Wazi na Suala la Umaliziaji katika Sanaa ya Ukambani

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo wahakiki wetu hawajalipa uzito unaostahili, nalo ni alama ya mkono wa msanii inayobaki juu ya kazi yake baada ya kazi hiyo kukamilika. Katika uchoraji wa rangi, alama hii ni ile michirizi ya brashi ambayo mchoraji angeweza kuisawazisha lakini hakuisawazisha: rangi nzito iliyovimba juu ya turubai, mstari uliokatika kabla ya kufika mwisho wake, sehemu iliyoachwa bila kujazwa. Kwa kukosa istilahi iliyokubalika, hapa tutauita mtindo huu mpako wazi. Istilahi ya "mtindo huru," inayotumiwa na baadhi ya walimu, tumeikwepa kwa makusudi, na sababu zake zitabainika tutakapofika kwenye ushairi.

Hoja yetu ni kwamba mpako wazi husomwa vibaya kwa njia mbili ambazo, ingawa zinapingana, huzaliwa na dhana moja. Wako wanaouona kuwa ni uvivu, au ni dalili ya mtu ambaye hakufunzwa. Wako pia wanaousifu kwa kusema kwamba hapo roho ya msanii imemwagika bila kizuizi. Anayelaumu na anayesifu wote wawili wamekubaliana, bila kujua, kwamba alama ile imetokea tu. Kwamba hakukuwa na uamuzi. Sisi tunadai kwamba uamuzi upo, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuutafuta. Ushahidi wetu mkuu tutautoa Kitui na Makueni, na pale ambapo hoja itadai mlinganisho tutavuka mipaka ya wilaya hizo za zamani.

Kuchagua eneo hili si kwa bahati. Jina la Ukambani katika sanaa ya Afrika Mashariki limefungamana na kinyago laini. Historia yake inajulikana: Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji wa aina hiyo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani, na kutoka kwake kazi ikaenea kwa jamaa na majirani hadi ikawa riziki ya maelfu ya watu. Wamunyu iko Machakos, katika barabara ya kwenda Kitui, na hadi mwaka 1992 Makueni nayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Kwa hiyo tunapozungumzia uchongaji huu hatutoki nje ya nyumba. Mchongaji huanza kwa shoka na panga, akaendelea kwa tezo na kisu. Katika hatua hii gogo la muhugu limejaa alama: kila pigo la tezo limeacha bapa lake, na mtu anayejua kazi anaweza kukuambia mkono ulitoka upande gani. Kisha huja msasa. Kinyago husuguliwa, mara nyingi na mtu mwingine asiyekuwa mchongaji, hadi mabapa yote yafutike. Baadaye hupakwa rangi, hata rangi ya viatu, ili ule mti mwekundu au wa manjano ufanane na mpingo. Kinachofika sokoni ni umbo ambalo limeoshwa historia yake.

Hatusemi haya kwa dharau. Msasa ulitokana na soko, na soko lililipa karo za shule. Lakini ni lazima tutambue kwamba zaidi ya nusu karne ya biashara hii imeacha kipimo cha uzuri katika akili za watu wengi, wakiwemo walimu na wahakiki: kazi nzuri ni ile iliyomalizika, na iliyomalizika ni ile ambayo mkono hauonekani. Mtu mwenye kipimo hiki akikutana na picha yenye michirizi ya brashi huuliza, kwa nia njema kabisa, msanii ataimaliza lini.

Swali hilo si geni duniani. Louis Leroy alipoyaandikia gazeti la Paris maonyesho ya Claude Monet na wenzake mwaka 1874, kejeli yake iliegemea papo hapo, akidai kuwa hata karatasi ya kupamba ukuta iliyo katika hatua za mwanzo imekamilika kuliko picha ile ya bandari. Miaka mia tatu kabla yake, Giorgio Vasari alikuwa ameshatoa jibu. Katika toleo la 1568 la kitabu chake cha maisha ya wasanii, alieleza kwamba kazi za uzeeni za Titian zilipakwa kwa madoa na mapigo mapana, kiasi kwamba zikitazamwa kwa karibu hazionekani kitu, na zikitazamwa kwa mbali hukamilika. Muhimu zaidi kwetu ni onyo aliloliambatisha: wengi waliomwiga Titian wakidhani kwamba mtindo ule ni rahisi walizalisha picha mbovu, kwa sababu jasho lilikuwapo ila lilifichwa. Kwa maneno mengine, alama iliyo wazi inaweza kuwa imeficha kazi nyingi kuliko uso ulionyooshwa.

Tungeweza kuishia hapo na kumkopa Vasari kama tulivyozoea kukopa. Lakini Ukambani wenyewe una mapokeo ya zamani kuliko msasa, na ni ajabu kwamba hayajaingizwa katika mjadala huu. Tunakusudia vibuyu. Kibuyu cha maziwa au cha uji kilichopambwa huchorwa kwa ncha ya kisu au ya chuma juu ya gamba gumu, kisha mistari hutiwa weusi ili ionekane. Ncha ikishapita imepita. Hakuna kufuta, hakuna kusugua, kwa sababu kulisugua gamba ni kulitoboa au kuliharibu ngozi yake. Mstari ukiteleza, mchoraji ana njia moja tu: kuufanya mtelezo huo kuwa sehemu ya pambo linalofuata. Yeyote aliyekizungusha kibuyu cha aina hii mkononi atakuwa ameona mahali ambapo mistari sambamba inabanana ghafla kwa sababu nafasi ilikuwa inakwisha, au ambapo pembetatu moja imepanuka kuliko wenzake ili kumeza kosa. Haya ni maamuzi, na yameachwa wazi. Hakuna bibi aliyeyaonea haya. Basi Ukambani una maadili mawili ya umaliziaji, la mkato usiofutika na la msasa unaofuta, na la pili ndilo changa.

Kivuthi Mbuno wa Mwingi

Msanii anayetulazimisha kuyatenganisha maadili haya mawili ni Kivuthi Mbuno, aliyezaliwa Mwingi, leo katika Kaunti ya Kitui, mwaka 1947. Hakupitia chuo cha sanaa. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya upishi katika misafara ya kwenda mbugani, na kazi hiyo ilimpeleka katika nchi za nyika ambazo baadaye zilijaa katika michoro yake. Vifaa vyake ni wino, penseli za rangi na chaki za nta juu ya karatasi. Brashi si silaha yake kuu, na msomaji ana haki ya kuuliza amefikaje katika makala yanayohusu michirizi ya brashi. Amefika kwa sababu anatuonyesha kwamba kuonekana kwa alama na kulegea kwa alama ni mambo mawili tofauti, ilhali wahakiki wengi huyachanganya.

Tutazame jinsi mchoro wake unavyofanya kazi. Watu wake ni warefu, viungo vyembamba, miili ikiwa imeviringika. Huwinda, huchunga, hutembea pamoja na wanyama ambao ukubwa wao haufuati kipimo cha jicho. Mstari wa wino unaozunguka umbo ni imara, hausitisiti. Ndani ya mstari huo na nje yake, rangi imejazwa kwa mikwaruzo midogo midogo ya penseli, mmoja kando ya mwenziwe, hadi ardhi na anga hugeuka kuwa kitu kinachotembea. Penseli haina msasa. Kila mkwaruzo unaonekana, na unaonyesha upande mkono ulikokwenda. Ukiyatazama majani makavu ya nyika hiyo utagundua kwamba hayakuchorwa kama majani. Ni mwelekeo wa mikwaruzo tu unaoyafanya yawe majani. Upepo nao umo humo.

Kwa hiyo tuna alama iliyo wazi kabisa lakini haijalegea hata kidogo. Ni alama ya subira. Mtu anayedai kwamba mkono unaoonekana ni mkono uliokurupuka hana mahali pa kumweka Kivuthi, na ndiyo maana maandishi mengi juu yake hukimbilia maisha yake: mpishi, mtu wa porini, mwenyeji wa nchi kavu. Tunamsoma msanii kwa wasifu wake pale tunapokosa msamiati wa kusoma karatasi yake. Katika tathmini yetu, uhusiano wake ulio na maana zaidi si ule wa jiko la safari bali ule wa kibuyu: mkato usiofutika, uso uliojazwa kwa kurudiarudia, na kosa linalomezwa na pambo. Hatudai kwamba aliketi akajifunza kwa mchora vibuyu. Tunadai kwamba macho yaliyozoea kibuyu yana njia ya kuuingia mchoro wake ambayo macho yaliyozoea kinyago hayana.

Suala la mafunzo

Hapa inatubidi tutoke Ukambani kidogo, kwa kuwa dai la kwamba mpako wazi ni dalili ya kukosa mafunzo haliwezi kupimwa kwa msanii mmoja. Sharti tumweke kando ya Kivuthi mtu aliyefunzwa, na mtu anayefaa ni Theresa Musoke. Huyu ni Mganda aliyehitimu Makerere katika miaka ya 1960, wakati shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937 ilikuwa mikononi mwa Cecil Todd. Aliishi Kenya kwa zaidi ya miaka ishirini, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta pamoja na mahali pengine, kisha akarudi Uganda mwaka 1997. Katika picha zake mnyama huibuka polepole kutoka katika tabaka za rangi nyepesi. Mara nyingi huwezi kusema mgongo wa pundamilia unaishia wapi na nyasi zinaanzia wapi, na mchirizi mmoja huhesabiwa katika vyote viwili. Mwanamke huyu alisoma uchoraji kwa miaka mingi, tena katika vyuo vya mabara mbalimbali, na ndiye mwenye brashi iliyolegea. Mpishi wa Mwingi ambaye hakusoma ndiye mwenye mstari uliokazwa. Uhusiano kati ya mafunzo na umaliziaji umepinduka juu chini.

Yuko pia Sane Wadu, mzaliwa wa Nyathuna, Kiambu, mwaka 1954, ambaye hakufunzwa na ambaye rangi yake ni nzito, ya haraka, yenye vidole na mikwaruzo ndani yake. Alipoacha ualimu katika miaka ya 1980 ili achore, watu walimwita mwendawazimu, naye akajibu kwa kujipa jina la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu. Jibu hilo ni uhakiki mfupi kuliko makala haya na huenda ni bora zaidi. Mwaka 2022 taasisi ya NCAI ya Nairobi, iliyoasisiwa na mchoraji Michael Armitage, ilionyesha kazi zake za miongo kadhaa kwa pamoja, na anayezifuata kwa mpangilio wa miaka ataona mbinu zikirudiwa, zikiachwa, zikirekebishwa. Mtu anayemwaga tu moyo hana cha kurekebisha.

Lililoharibu mambo ni soko la pili, lililokuja baada ya lile la vinyago. Jean Pigozzi alianza kukusanya sanaa ya Afrika mwaka 1989 kwa msaada wa André Magnin, na Kivuthi ni miongoni mwa walioingia katika mkusanyo huo. Wakusanyaji hawa walipendelea wasanii wasiopitia vyuo. Tunawashukuru kwa kuhifadhi karatasi ambazo huenda zingeliwa na mchwa. Hata hivyo upendeleo ule uliugeuza ukosefu wa shule kuwa sifa ya kisanaa, na alama ya mkono ikawa hati ya kuthibitisha kwamba msanii hajaharibiwa na elimu. Soko la kwanza lilitaka mkono ufutwe. La pili likataka mkono uonekane. Hakuna hata moja lililouliza mkono ulikuwa unafikiri nini.

Mlinganisho kutoka kwa maandishi

Wasomaji wa jarida hili wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Euphrase Kezilahabi alipochapisha *Kichomi* mwaka 1974, na wenzake kina M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipofuata na *Malenga wa Bara* mwaka 1976, mgogoro wa ushairi ulioshamiri baadaye uliendeshwa kwa neno moja: huru. Wanamapokeo walilisikia neno hilo wakaelewa kuwa ni utungo usio na kazi ndani yake. Baadhi ya wanamabadiliko nao walilisikia wakaelewa vivyo hivyo, ila wakafurahi. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi tuliandika mengi kuhusu kisichokuwamo katika shairi la Kezilahabi, yaani vina na mizani, na machache mno kuhusu mahali alipoukata mstari na kwa nini aliukata hapo. Ndiyo sababu tumelikataa neno "huru" katika uchoraji. Limeshatugharimu mara moja.

Makueni inatupa mfano ulio karibu zaidi na rangi. David Maillu, aliyezaliwa Kilungu mwaka 1939, ni mwandishi ambaye wahakiki wa vyuo vikuu walimtupa kwa muda mrefu katika kapu la fasihi pendwa. *My Dear Bottle* (1973) na *After 4.30* (1974) ni tungo za masimulizi zenye mistari isiyo na urari, zinazosonga kama mtu anayezungumza baa baada ya kazi. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976, na waliomtetea na waliomshambulia walibishana kuhusu maadili, si kuhusu mstari. Linalosahaulika ni kwamba kabla ya kujianzishia kampuni yake ya Comb Books, Maillu aliajiriwa na Sauti ya Kenya kama msanifu wa michoro. Alikuwa akilipwa mshahara kwa kupanga herufi na picha. Kumtuhumu mtu wa namna hiyo kwamba hakujua mstari mnyoofu ni kukosa umakini. Mstari wake mlegevu ni sawa na mpako wazi: ameacha pumzi ya msemaji ionekane katika ukurasa, pamoja na kuropoka kwake na kujirudia kwake, kwa kuwa mhusika wake ni mtu anayeropoka.

Tusivuke mipaka lakini. Ulegevu mwingine ni ulegevu tu. *Broken Drum* (1991), yenye kurasa zaidi ya elfu moja, ingeponea kwa mhariri mkali, na hakuna nadharia ya mpako wazi itakayoiokoa. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: ukiiondoa alama, au ukiinyoosha, je, kuna maana inayopotea? Ukiinyoosha mikwaruzo ya Kivuthi, upepo unakufa. Ukiisawazisha sauti ya mlevi katika *My Dear Bottle*, mlevi anageuka mhubiri. Ukipunguza kurasa mia tatu za *Broken Drum*, kitabu kinapumua. Kipimo hiki kinamruhusu mhakiki kusema kwamba kazi fulani ni mbaya, uwezo ambao nadharia ya kumwagika kwa roho ilikuwa imetunyang'anya. Roho ikimwagika, nani atathubutu kusema imemwagika vibaya?

Suala hili lina uzito nje ya vyuo. Somo la Sanaa na Ufundi liliingia katika shule za msingi pamoja na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, likatahiniwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaondolewa katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 umeyarudisha masomo ya sanaa darasani. Mwalimu wa Mutomo au wa Kibwezi mwenye darasa lililojaa na karatasi ya alama mkononi huvutwa kupima unadhifu, maana unadhifu huonekana upesi na hauna ubishi. Rangi imevuka mstari au haikuvuka. Mtoto aliyejaza anga kwa mikwaruzo ya upande mmoja ili mvua ionekane inakuja atapata alama chache kuliko aliyeipaka anga buluu moja safi, na hatakuwa na neno la kujitetea kwa sababu mwalimu wake naye hana neno hilo. Hatuna haki ya kumlaumu mwalimu kama sisi tuliomfundisha hatukumpa msamiati.

Liko tatizo moja la mwisho, nalo ni la kimatendo. Mkusanyo wenye michoro ya Kivuthi umekuwa na makao yake Geneva. Wanafunzi wetu wanaotaka kuandika tasnifu juu ya msanii wa Mwingi huandika kutokana na picha za vitabuni au za kwenye skrini, na katika picha hizo kitu cha kwanza kupotea ni hicho hicho tunachokijadili. Upigaji chapa husawazisha kila kitu. Hufanya kazi ya msasa. Karatasi iliyokwaruzwa kwa nguvu hadi ikang'aa, na karatasi iliyoguswa kidogo tu, hutoka zikiwa na uso mmoja. Mwanafunzi akiandika kwamba rangi ni "tambarare," anaeleza ukurasa uliochapwa, na msimamizi wake, ambaye naye hajauona mchoro wenyewe, anampitishia.

Hadi maonyesho yatakapoletwa karibu, tunapendekeza mafunzo ya jicho yaanzie kwenye vitu vinavyoweza kushikwa. Vinyago vilivyosimamishwa kabla ya msasa vingali vikipatikana katika karakana za wachongaji, na mchongaji hatakosa kukueleza kila bapa. Vibuyu vya zamani vimo katika majumba ya makumbusho, na vingine vingali vikining'inia katika nyumba za Ukambani. Mwanafunzi na amwombe nyanya yake kibuyu kimoja, akipeleke dirishani asubuhi wakati mwanga unaingia kwa mshazari, akizungushe polepole, na aandike katika daftari kila mahali ambapo ncha ya kisu iliteleza na kile ambacho mchoraji alikifanya baada ya hapo.